Ruta ya 4G kwenye nyumba ya bati bondeni: antena ipi ya nje, na kebo ndefu kiasi gani?

BondeChini:

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa kitaalamu kabla sijanunua kitu chochote.

Nyumba iko bondeni, paa la bati, kuta za tofali za saruji. Mnara wa karibu uko kilomita 6 hivi, na katikati kuna kilima kidogo chenye miti. Ruta ya 4G ina matundu mawili ya antena kwa nyuma. Ikiwa sebuleni, ukurasa wake unaonyesha RSRP (nguvu ya mawimbi) -114 dBm, RSRQ (ubora wa mawimbi) -15 dB na SINR (mawimbi dhidi ya kelele) 1 dB. Kupakua ni megabiti 2 au 3 kwa sekunde, kupakia hakufiki hata nusu megabiti. Simu ikipandishwa juu ya paa inasoma RSRP -101.

Ninachofikiria ni dishi moja la nyavu lenye faida (ukuzaji wa antena) ya 24 dBi kwenye mlingoti wa mita 6, na kebo ya RG-58 ya mita 20 kuja hadi sebuleni. Je, dishi hilo litasaidia kweli? Kebo hiyo inafaa? Na simu za mkononi ndani ya nyumba zitanufaikaje, maana hazina tundu la antena?

---

fundi_masafa:

Vizuri umekuja na namba, maana ile mistari ya netiweki kwenye kioo haisemi kitu. Kila mtengenezaji anaichora anavyotaka.

Kwanza kebo, kwa sababu ndiyo itakayoua mpango wako. RG-58 kwenye masafa ya 1800 MHz inapoteza kama 0.8 dB kwa kila mita, na ile ya bei rahisi hupoteza zaidi. Mita 20 ni 16 dB. Kwa hiyo dishi la 24 dBi likifika sebuleni limebaki 8. Kumbuka kila 3 dB zinazopotea ni nusu ya nguvu, hivyo 16 dB maana yake ni kwamba sehemu moja tu kati ya 40 ndiyo inayofika kwenye ruta. Na hasara hiyo inakupata pande zote mbili: wakati wa kupokea, na wakati wa kutuma. Kutuma ndiko kunakouma zaidi, kwa sababu ruta inatoa miliwati 200 tu (23 dBm), ilhali mnara una nguvu nyingi za ziada.

Sasa linganisha. Antena ndogo ya 10 dBi yenye kebo ya mita 3 ya aina ya LMR-200 (0.47 dB kwa mita kwenye 1800) inabaki na 8.6 dB. Imelishinda dishi lako, na bado ni nyepesi, haisukumwi na upepo na ni rahisi kuielekeza.

Jambo la pili limo kwenye namba zako mwenyewe. Ndani ni -114, juu ya paa ni -101. Hizo ni 13 dB ulizozipata kwa kutoka tu chini ya bati, tena kwa antena ya simu ambayo ni dhaifu kuliko yoyote utakayonunua. Kazi kubwa ya antena ya nje kwako ni kuwa nje. Ukubwa wake ni jambo la baadaye.

Kabla ya kununua, tafuta bendi, yaani masafa ambayo ruta na mnara vinawasiliana. Fungua ukurasa wa ruta (mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.1.1) uangalie sehemu ya taarifa za kifaa: kuna B1, B3, B7, B20, B28 na kadhalika. Leta pia Cell ID, namba ya utambulisho ya mnara unaokuhudumia. Kununua antena bila kujua bendi ni kupiga ramli.

---

NyuziMbili:

Naongeza hapo kwenye dishi *moja*. Matundu mawili nyuma ya ruta si moja la kazi na lingine la akiba. 4G hutumia MIMO: mnara unatuma mikondo miwili ya data kwa wakati mmoja, mmoja ukiwa umeinama digrii 45 upande huu na mwingine digrii 45 upande ule. Ukichomeka antena moja tu, tundu la pili linabaki kiziwi au linaendelea kutumia antena ndogo ya ndani iliyo chini ya bati. Ruta ikiona upande mmoja una nguvu na mwingine uko hoi, inarudi kwenye mkondo mmoja. RSRP itapanda, kasi ya kupakua inaweza isiongezeke hata kidogo.

Kwa hiyo ama ununue antena mbili zinazofanana, moja uigeuze +45 na nyingine -45, ama ununue moja yenye nyaya mbili ambayo ndani yake tayari kuna elementi mbili zilizopishana. Kebo zote mbili ziwe za aina moja na urefu unaokaribiana.

Angalia konekta pia. Ruta nyingi za 4G zina SMA, lakini antena za Wi-Fi hutumia RP-SMA, na hizo mbili zinafungana uzi kabisa bila umeme kugusa. SMA ya kwenye kebo ina sindano katikati. RP-SMA ya kwenye kebo ina tundu. Ukifunga RP-SMA ya kebo kwenye SMA ya ruta, tundu linakutana na tundu, hakuna kinachogusana. Antena inalaumiwa bure. Tazama kwa macho kabla ya kufunga, na unapofunga zungusha nati, si mwili wa kebo. Vidole vinatosha, na robo mzunguko mdogo wa spana basi.

Wenye modemu ndogo za mfukoni watakutana na konekta ndogo za TS-9 au CRC9. Zinafanana sana lakini hazibadilishani. Ni tundu dhaifu lisiloweza kubeba kebo nene, kwa hiyo weka kipande chembamba cha sentimita 15 hadi 20 kati ya modemu na kebo kubwa, ukakifunge kwenye kasha kwa gundi ya moto ili uzito usivute tundu.

---

BondeChini:

Nashukuru sana. Nimeangalia: muda mwingi iko B20, mara chache inahamia B3. Cell ID 51980034. Kuna kebo ya televisheni RG-6 tayari imepita ukutani, je, siwezi kuitumia? Na je, ile mashine ya kukuza mawimbi nyumba nzima haiwezi kumaliza tatizo la simu na ruta kwa pamoja?

---

fundi_masafa:

B20 ni 800 MHz (mnara unatuma 791 hadi 821, ruta inajibu 832 hadi 862). B3 ni 1800 (mnara 1805 hadi 1880, ruta 1710 hadi 1785). Tayari unaona shida: Yagi (antena ya fimbo zilizopangwa mstari) ya 1800 haitafanya chochote cha maana kwenye B20. Na dishi ulilotaka, kama ni lile linalouzwa kwa Wi-Fi ya 2400 MHz, zile 24 dBi ni za 2400. Kwenye 1800 kimo cha dishi kinabaki kilekile huku wimbi limerefuka, unapoteza 2.5 dB kabla hata ya kuhesabu kwamba kichwa chake hakikutengenezwa kwa masafa hayo. Kwenye 800 halina faida.

Kwa mtu mwenye B20 na B3 jibu zuri ni antena ya logi, LPDA, inayofunika 698 hadi 2700 MHz. Faida yake halisi ni 8 hadi 10 dBi hivi, na inashika bendi zote. Mtengenezaji akiandika 28 dBi juu ya kiboksi cha plastiki cha ukubwa wa daftari, usimwamini. Hakuna njia ya kupata faida hiyo kwa kimo hicho. Angalia pia kama wameandika dBd badala ya dBi: dBd ni 2.15 pungufu kwa hesabu, yaani 8 dBd ni sawa na 10.15 dBi.

Cell ID yako igawanye kwa 256. Inakuja 203047 na kubaki 2. Namba ya kwanza ni ya mnara wenyewe, mabaki ni upande wa mnara unaokuhudumia. Iandike pembeni. Ukizungusha antena na namba ya mnara ikabadilika, umehamia mnara mwingine, na hapo vipimo vya awali havilinganishiki na vipya. Programu kama CellMapper inaweza kukuonyesha mnara huo ulipo kwenye ramani, ingawa mahali panapochorwa ni makadirio yanayotokana na vipimo vya watumiaji. Kama ruta yako inaonyesha TA (kipimo cha muda ambao mawimbi hutumia kufika mnarani), zidisha kwa 78 upate umbali kwa mita: TA 77 ni kilomita 6.

Usikimbilie kudhani B20 ndiyo bora kwa sababu ina RSRP kubwa. Masafa ya chini yanapinda kwenye kilima na kupenya majani vizuri zaidi, ndiyo maana ruta inaikimbilia. Lakini B20 mara nyingi ina upana wa 10 MHz, ilhali B3 mara nyingi ina 20. Kwa MIMO ya antena mbili na usimbaji wa 64QAM, 10 MHz kilele chake ni megabiti 75 na 20 MHz ni 150. Bendi pana yenye -105 na SINR 12 itaishinda bendi nyembamba yenye -92 na SINR 3. Ukishaweka antena, funga ruta kwenye B3 peke yake upime, kisha B20 peke yake, kisha zote kwa pamoja.

---

KoaksiNene:

Kuhusu RG-6. Watu wanaikataa kwa sababu ni ohm 75 na ruta ni ohm 50. Kwa hesabu, kila mahali ohm 50 inapokutana na 75 unapoteza 0.18 dB tu. Ncha zote mbili zikijumlishana vibaya ni kama 0.7 dB. Kwa upande mwingine RG-6 nzuri inapoteza karibu 0.3 dB kwa mita kwenye 1800, ambayo ni chini ya nusu ya RG-58. Kwa mita 10 RG-6 inashinda.

Kinachoiangusha ni konekta. Lazima upite kwenye adapta ya F kwenda SMA, na za hovyo zinalegea, au waya wa katikati haugusi sawasawa. Halafu RG-6 nyingi zina waya wa katikati wa chuma uliopakwa shaba na wavu wa alumini ambao haushiki solda. Tumia konekta za kubana kwa koleo lake, zile za kuzungusha kwa mkono ziache. Na unahitaji kebo mbili, kumbuka MIMO. Kama ukutani iko moja, imekuachia nusu ya kazi.

Ukinunua mpya kwa urefu wa mita 10 kwenda juu, nenda LMR-400 au inayolingana nayo: 0.13 dB kwa mita kwenye 900, 0.19 kwenye 1800, 0.22 kwenye 2500. Ni nene kama kidole kidogo na ngumu kupinda. Usiikunje kwa kona kali, ukiivunja umbo ndani, pale palipopondeka panarudisha mawimbi nyuma na huwezi kupaona kwa nje.

---

Mama_Mlingoti:

Ndugu zangu, mnabishana kuhusu kebo ndefu wakati kebo ndefu haihitajiki kabisa. Pandisha ruta.

Kebo ya mtandao ya Cat5e inabeba data mita 100 bila kupoteza kasi hata kidogo. Antena ikae kwenye mlingoti, ruta ikae kwenye kasha chini yake tu, kebo za antena ziwe za nusu mita hadi mita moja, na kinachoshuka sebuleni ni Cat5e peke yake. Chini unaweka kituo kidogo cha Wi-Fi. Bondeni kule, hakuna mpangilio utakaoushinda huu. Rahisi zaidi ya hapo ni kununua modemu ya nje iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yenye antena zake ndani na kinga ya maji ya IP65 kwenda juu, ikapanda juu na kebo moja.

Ukitumia ruta ya ndani, angalia mambo mawili. La kwanza ni umeme. Watu hupitisha volti 12 kwenye jozi mbili zisizotumika za Cat5e: nyaya za 4 na 5 kwa chanya, 7 na 8 kwa hasi. Inafanya kazi, lakini kwa mita 20 na ampea 1 unapoteza kama volti 1.7 njiani. Ruta inapokea 10.3, na kila ikitaka kutuma kwa nguvu inazima na kuwaka upya. Ukiona ruta inajizima hasa wakati wa kupakia faili kubwa, tafuta hapo kwanza. Dawa ni PoE (umeme unaopita kwenye kebo ya mtandao) ya volti 48 ya kiwango cha 802.3af na kigawanyi cha kushusha kuwa 12 kule juu. Kebo iwe ya shaba tupu. Zile za alumini iliyopakwa shaba zinapoteza zaidi na zinakatika kwenye plagi. Njia ile ya volti 12 pia inakubana kwenye megabiti 100, kwa sababu jozi mbili ndizo zinazobaki kwa data.

La pili ni joto. Ruta nyingi za ndani zimepimwa hadi nyuzi 40 za joto. Kasha la plastiki lililofungwa kabisa juani litapita hapo kabla ya saa sita mchana. Tumia kasha jeupe, liwe upande wa kivuli wa mlingoti, lenye matundu ya hewa upande wa chini yaliyozibwa kwa wavu wa kuzuia wadudu. Juu liwe na paa dogo lililoachana na kasha kwa sentimita 3 au 4 ili hewa ipite. Kasha la chuma ni zuri kwa mvua, lakini hakikisha antena zote ziko nje yake.

---

mtaa_wa_pili:

Mimi naona achukue antena mbili, moja nje moja ndani, aziunganishe kwa kebo tu bila umeme. Mawimbi yanaingia yenyewe na simu zinapata.

---

fundi_masafa:

Hiyo hufanya kazi pale tu ambapo nje kuna nguvu nyingi sana, kwa mfano handaki au ghala la chuma lililo karibu na mnara. Hesabu yake: chukua nje -85, antena ya 15 dBi inaleta -70, kebo inakula 2, tuko -72. Antena ya ndani ya 8 dBi inatoa -64. Kisha mita 2 tu za hewa kwenye 1800 zinakula karibu 44 dB. Simu iliyo mita 2 kutoka kwenye antena inapata -108. Na hapo tulianza na -85. BondeChini ana -101, simu yake itapata -124, ambayo ni sawa na hakuna kitu.

Mashine ya kukuza yenye umeme ni jambo jingine, nayo inafanya kazi, lakini nchi nyingi haziruhusu kuiwasha bila kibali cha kampuni ya simu au bila kuwa ya aina iliyoidhinishwa. Sababu ni ya kiufundi kabisa. Mashine yenye ukuzaji wa 65 dB inahitaji antena ya nje na ya ndani zitengane kwa kiasi cha 80 dB. Zisipotengana, inajisikia yenyewe na kuanza kupiga kelele kwenye bendi nzima. Mnara unazibwa, na watu wote wa eneo lile wanapoteza mtandao. Tena inakuza kelele pamoja na mawimbi: SINR yako ikiwa 1 nje, ndani pia itakuwa 1 au chini. Antena inayoelekezwa ndiyo inayoweza kuinua SINR, kwa sababu inachagua upande.

Kwa simu ndani ya nyumba, njia safi ni kupiga kupitia Wi-Fi. Simu nyingi zina kipengele cha kupiga kwa Wi-Fi kwenye mipangilio ya laini. Kampuni ikikiunga mkono, simu za kawaida na ujumbe vinapita kwenye ruta yako kwa namba ileile. Isipokiunga mkono, baadhi ya ruta zina tundu la simu ya mezani linalotumia laini iliyomo ndani ya ruta. Zile stika za dhahabu za kubandika nyuma ya betri zisikuibie hela.

---

NyuziMbili:

Kuelekeza antena ndiko watu wengi hukosea kwa haraka. Wanaizungusha huku wakitazama mistari, wanaona imepanda, wanakaza bolti.

Fanya hivi. Funga ruta kwenye bendi moja. Anza na uelekeo wa mnara kwa dira, kisha zungusha digrii 15 kwa wakati. Kila ukisimama, subiri nusu dakika bila kugusa, kwa sababu ruta inaonyesha wastani na inachelewa. Andika RSRP, SINR na Cell ID. Ukishazunguka duara zima, rudi kwenye sehemu mbili au tatu zilizokuwa bora na usogeze digrii 5 kwa 5. Chagua SINR iliyo juu hata kama RSRP imeshuka 3 au 4. SINR chini ya 0 ni taabu, 0 hadi 13 inatumika, 13 hadi 20 ni nzuri, juu ya 20 huna la kudai.

Usishangae ukikuta bora si uelekeo wa mnara. Nyuma ya kilima mawimbi huja kwa kuakisiwa na ukuta wa mwamba, tangi kubwa au jengo. Na antena ya LPDA ina uwazi wa digrii kama 60, kwa hiyo wakati mwingine unaigeuza *kidogo pembeni* ya mnara wako ili mnara unaokuletea kelele uangukie kwenye ubavu wa antena ambako haisikii.

Kisha panda na kushuka. Wimbi la B20 lina urefu wa sentimita 36 na la B3 ni sentimita 17, hivyo kuisogeza antena sentimita 20 juu au kando kunaweza kubadilisha vipimo vizima. Kupanda juu zaidi si lazima kuwe bora. Mahali penye uwazi mkubwa, ukipanda mita 9 unaanza kusikia minara mingi kwa pamoja, RSRP inapanda na SINR inaanguka. Kwa BondeChini mwenye kilima mbele, urefu utamsaidia, lakini apime kwenye mita 3, 4.5 na 6 kabla ya kufunga. Antena isiwe karibu na bati: iache angalau mita 1 juu ya ukingo wa paa.

---

SoldaMoto:

Kwa anayetaka kujaribu kabla ya kununua: antena ya bikwadi inatengenezeka mezani na inatoa karibu 10 dBi kwa bendi moja. Kwa B3, katikati ya bendi ni 1795 MHz, wimbi milimita 167. Chukua waya wa shaba mtupu wa 2.5 mm², sentimita 34. Kunja miraba miwili inayokaribiana kwa pembe, kila upande milimita 42 kutoka katikati ya waya hadi katikati ya waya. Nyuma yake weka bamba la milimita 167 kwa 167. Bodi tupu ya shaba ni nzuri kwa sababu inashika solda. Waya uwe milimita 21 mbele ya bamba, na uwe sawa kote.

Katikati, zile pembe mbili zinazokaribiana zisigusane, acha milimita 3. Waya wa katikati wa kebo unalehemiwa kwenye pembe moja, wavu kwenye pembe nyingine na kwenye bamba. Kosa linaloua antena hii ni wavu ulioachwa mrefu: sentimita 1 ya wavu uliosokotwa ikining'inia tayari ni sehemu ya wimbi. Ufupishe hadi milimita 3 au 4.

Miraba ikilala ubavu kwa ubavu, wimbi ni la wima. Ikisimama moja juu ya nyingine, wimbi ni la mlalo. Kwa MIMO tengeneza mbili, uziinamishe 45 kwa 45 kinyume, zikae sentimita 20 au zaidi kutoka moja hadi nyingine. Kwa B20 mahesabu ni yaleyale: upande milimita 91, umbali wa bamba 45, bamba 363 kwa 363. Hapo inaanza kuwa kubwa na kukamata upepo.

---

KoaksiNene:

Maji. Antena nyingi zilizofungwa vizuri hufa baada ya msimu mmoja wa mvua kwa sababu ya maji, na mwenyewe anadhani kampuni imepunguza nguvu ya mnara. Ukikata kebo iliyoingia maji unaona wavu wa shaba umekuwa mweusi au wa kijani, na weusi huo haukomei kwenye konekta. Wavu unafyonza maji kama utambi, unaweza kukata mita nzima na bado hujafika kwenye shaba inayong'aa. Kebo hiyo haikaushiki, ni ya kutupa.

Konekta za juu zitazame chini. Kaza, kisha funga tepu ya mpira inayojishika yenyewe ukiivuta hadi irefuke karibu mara mbili, ukianzia chini kupanda juu ili mikunjo ipishane kama vigae. Juu yake tepu nyeusi ya kuzuia jua. Silikoni inayonuka siki usiitumie kwenye konekta, asidi yake inakula shaba. Kabla kebo haijaingia ukutani, iache ipinde kwenda chini kisha ipande, maji yadondoke kwenye pindo.

Na radi: mlingoti wa chuma uunganishwe kwa waya nene wa shaba hadi kwenye fimbo ya ethi, njia fupi na nyoofu bila kona kali, na ethi hiyo iunganishwe na ethi kuu ya umeme wa nyumba. Ethi mbili zisizounganishwa ni hatari kuliko moja. Weka kinga ya radi kwenye kebo pale inapoingia nyumbani, iwe ya koaksi au ya Cat5e. Hiyo inazuia mshtuko wa radi iliyopiga jirani. Ikipiga mlingoti wenyewe hakuna kifaa kitakachopona, kwa hiyo wingu likianza kunguruma chomoa.

---

BondeChini:

Nimewaelewa. Nitachukua LPDA mbili na ruta ipande juu kwenye kasha. Swali la mwisho: jioni kasi hushuka sana hata RSRP ikiwa ileile. Antena itatibu hilo?

---

fundi_masafa:

Kwa sehemu tu. Tazama RSRQ. RSRP isipobadilika lakini RSRQ ikashuka kutoka -9 kwenda -14 jioni, ujue mnara umejaa watumiaji au minara jirani imeongeza kelele. Antena inaweza kupunguza kelele ya jirani. Foleni ya watu kwenye mnara wako haiondoi, ingawa SINR ikiwa juu, zamu yako inapofika unabeba data nyingi zaidi kwa muda uleule.

Unachoweza kufanya ni kuhama. Unapozungusha antena kupima, usiishie kwenye mnara wa 203047 pekee. Ukikuta mwingine wenye RSRP -106 na SINR 9, uandike na uupime tena jioni. Wa mbali usio na watu mara nyingi unaushinda wa karibu uliojaa. Linganisha pia B3 na B20 saa hizohizo za jioni, kwa sababu simu nyingi zilizo ndani ya nyumba za watu zinasukumwa kwenye B20 kama yako ilivyosukumwa, na B3 huenda iko wazi. Pima kupakia pia, usiangalie kupakua peke yake. Kwako ndiko kulikokuwa kubaya zaidi, na ndiko antena mbili zenye kebo fupi zitakakobadilisha kwa kiasi kikubwa.